Mbunge anapopinga matumizi ya Serikali: dhana na ukweli kutoka Bunge la Tanzania

Bunge la bajeti huanza Aprili jijini Dodoma na kumalizika Juni. Mbunge anayelaani magari ya kifahari na semina zisizoisha hupigiwa makofi. Uwezo wake halisi ni mdogo kuliko makofi hayo, ila upo.

Dhana: Akishika shilingi, wizara imekatwa fedha.
Shilingi yenyewe ni moja tu, ya mshahara wa waziri. Hushikwa Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, yaani kupitia bajeti ya wizara kifungu kwa kifungu, kile chenye mshahara huo kikifikiwa. Mbunge huuliza jambo la sera, waziri hujibu. Asiporidhika, hutoa hoja ya kuondoa shilingi nayo hujadiliwa. Mara nyingi waziri huahidi kitu, shilingi ikarudishwa. Faida iko kwenye ahadi hiyo, kwa kuwa huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na yaweza kudaiwa mwaka ujao. Asiyedai kiasi na tarehe huambulia "Serikali itaendelea kuliangalia". Saa nazo hazisubiri: muda ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja bila mjadala.

Dhana: Anaweza kuhamisha fedha za magari kwenda zahanati.
Hawezi peke yake. Ibara ya 99 ya Katiba inaruhusu mbunge kupendekeza matumizi yapungue. Kuyaongeza kunahitaji pendekezo la Rais, liwasilishwe na waziri. Kwa hiyo anaweza kukata, hawezi kupeleka. Ndiyo maana kazi nzito ni ya kamati za kisekta na Kamati ya Bajeti, ambako Serikali inaweza kukubali kupanga upya tarakimu zake kabla bajeti kuu haijasomwa katikati ya Juni.

Dhana: Tukifuta posho na safari, nakisi (pengo kati ya mapato na matumizi) imekwisha.
Zikatwe, lakini uzito uko kwenye mishahara na deni. Katiba imeliweka deni la taifa moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, mfuko mkuu wa fedha za Serikali. Riba ya mkopo uliokwishasainiwa haikatwi kwa hotuba. Cha kuhoji ni mkopo mpya: riba yake, muda wake, na mradi utakaoulipa.

Dhana: Kura ya HAPANA haina athari.
Bajeti hupigiwa kura kwa kuita majina, hivyo kila jibu hubaki kwenye kumbukumbu. Bunge zima likiikataa, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja. Likivunjwa, nao hupoteza viti, hivyo wabunge wengi huhesabu majimbo yao kwanza.

Dhana: Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) huzuia ubadhirifu.
CAG hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, ikihusu mwaka wa fedha ulioishia Juni iliyotangulia. Fedha ilishatumika. PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, huwahoji maofisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, na hoja ya ukaguzi inayojirudia kwenye kifungu kilekile humpa mbunge sababu ya kutaka kifungu hicho kipunguzwe Mei, akiwa na namba ya kifungu na kiasi mkononi.