Barabara ya Juu ya San Francisco Haikuangushwa na Tetemeko

Juzi barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ikiwa bado ya moto, kijana mmoja alitutolea simu yake. Barabara ya ghorofa mbili, ya juu imeilalia ya chini, magari yamebanwa katikati. "Wazee wangu, hii ndiyo ile ya ufukweni San Francisco. Tetemeko liliimaliza, ndiyo maana leo haipo." Watu wakaitikia. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu linafuta kazi ya watu waliougombania mji wao kwa miaka 30.

Ile ya kwenye video ni Cypress, nayo ilikuwa mji wa Oakland, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco. Ilianguka tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11 na dakika 4 jioni, kwa tetemeko la Loma Prieta lenye ukubwa wa 6.9. Walikufa pale watu 42. Sehemu iliyoporomoka ilijengwa juu ya tope laini la ghuba, na tope hukuza mtikisiko. Kisha kulikuwa na nguzo zenyewe. Kama umewahi kukaa karibu na fundi anayesuka nondo, umeziona zile ringi anazozifunga kuzizunguka nondo za wima, moja juu ya nyingine, waya mkononi. Hizo ndizo zinazoibana zege isifumuke nguzo inapoyumba. Kwenye maungio ya Cypress, iliyofunguliwa 1957, ringi hazikutosha.

Barabara ya San Francisco iliitwa Embarcadero. Nayo ilikuwa ya ghorofa mbili. Tetemeko liliijeruhi, ikafungwa, lakini haikuanguka, na kuikarabati lilikuwa jambo linalowezekana. Mwaka 1990 madiwani walipiga kura ibomolewe: 6 wakataka, 5 wakakataa. Kura moja tu! Kazi ya kuibomoa ilianza Februari 1991.

Dhana nyingine ni kwamba mji mzima uliichukia. Ni kweli ilipata wapinzani mapema. Ilipangwa iunganishe madaraja mawili ya mji, Bay Bridge na Golden Gate, lakini mwaka 1959, mwaka ule ule ilipofunguliwa, madiwani walifuta sehemu kubwa ya mipango ya barabara kuu mjini, ikaishia mtaa wa Broadway. Hata hivyo, wananchi walipoulizwa kwa kura mwaka 1986, wengi walisema isibomolewe. Baada ya tetemeko, wafanyabiashara wa Chinatown, mtaa wa Wachina, walipigania isiondolewe, maana ndiyo iliyowashushia wateja karibu na maduka yao. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wanaulinda mkate wa watoto wao. Meya Art Agnos, aliyesimama kidete ibomolewe, alishindwa uchaguzi mwaka 1991, na hasira ya Chinatown ilichangia.

Kuhusu madai kwamba baada ya hapo mji ulizibwa na foleni: haukuzibwa. Magari yaligawanyika mitaani, abiria wengine wakahamia treni, na pale ufukweni ikajengwa barabara pana ya chini, yenye mitende na reli ya tramu.

Kijana aliniuliza, "Sasa mzee, sisi Tanga tukijengewa ya juu kando ya bandari, si ndiyo tutakuwa jiji kweli?" Nikamwambia, mwanangu, nenda kaketi jioni kwenye bustani ya Jamhuri, karibu na ule mnara wa saa wa zama za Wajerumani. Mbele yako kuna maji, kisiwa cha Toten, na upepo unaokupiga usoni. Sasa weka zege la ghorofa mbili kati ya benchi lako na hayo maji, magari yanaunguruma juu yake mchana na usiku. San Francisco nao wana jengo la vivuko la mwaka 1898, lenye mnara wake wa saa, na kwa miaka 30 na zaidi mtu aliyetoka mjini akielekea baharini alikutana kwanza na nguzo na kivuli.

Akanyamaza, akairudia video. Nikamtafutia picha ya jengo lile lilivyo leo. Lilifunguliwa upya mwaka 2003 likiwa soko, na nje yake wakulima hupanga matunda na mboga mezani, juani.