Je, wajua kwa nini misuli ya mwanamke hupotea akipigwa picha studio?

Mchukue mwanamke mrusha tufe, au bondia, au mnyanyua vyuma anayejulikana gym nzima kwa mabega yake, umpeleke studio ya kawaida ya mtaani. Atakalishwa kwenye stuli, taa mbili zenye miavuli zitawashwa mbele yake, mmoja kulia na mmoja kushoto, na picha itatoka safi kabisa: uso unang'aa, ngozi laini. Mabega sasa! Yamelala bapa kama ya mtu ambaye hajawahi kushika chuma maishani.

Kamera haina kosa hapo. Ina jicho moja tu, na kinachoionyesha kwamba hapa pana mwinuko na pale pana bonde ni kivuli. Taa ikitoka mbele, vivuli vyote vinaangukia nyuma ya mtu, kamera isikoona. Ikitoka ubavuni na kupita juu ya ngozi kwa mshazari, kila msuli unatupa kivuli upande wake wa pili. Iangalie barabara ya vumbi saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado chini: kila kokoto na kila alama ya tairi unaiona. Saa sita mchana barabara ileile imekuwa tambarare.

Kama jambo lenyewe ni jepesi hivyo, mbona mafundi wengi wameng'ang'ania taa ya mbele? Ni mazoea tu, kwamba mwanamke hupigwa picha hivyo. Hollywood ya miaka ya 1930, ilipompiga picha mwigizaji Marlene Dietrich, taa kuu ilikaa mbele yake na juu, ikalainisha ngozi na kuacha kivuli kidogo tu chini ya pua. Taa kali ya ubavuni wakawekewa zaidi wanaume, waonekane wagumu. Kwa uso taa ya mbele inafaa, sibishi. Ikishuka hadi mabegani ndipo inapofuta kilichomleta mteja.

Wapo walioona tofauti mapema. Mnamo 1904 hivi, huko Marekani, Frederick Glasier alimpiga picha Charmion, mwanasarakasi wa bembea, akiwa amekunja mikono na misuli imetutumka. Baadaye akaja Lisa Lyon, aliyeshinda mwaka 1979 mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake watunisha misuli, yaliyofanyika Los Angeles. Mpiga picha Robert Mapplethorpe alimpiga picha kwa miaka kadhaa, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mwaka 1983 picha hizo zikatoka kama kitabu. Ninachozipendea ni kwamba hazimlazimishi kuchagua. Humo yumo akiwa na shela, yumo akiwa ametunisha mkono, na ni mtu yuleyule.

Mwili wa mwanamke una ugumu mmoja zaidi. Kwa kawaida ana mafuta mengi chini ya ngozi kuliko mwanamume, hivyo mipaka ya misuli hujificha hata kama nguvu ni ileile. Kwa hiyo taa inasogezwa ubavuni zaidi, karibu imtokee nyuma. Tazama bega tu: pale msuli wa bega unapokutana na ule wa mkono wa juu pana kijifereji. Taa ya mbele hukifukia. Mwambie ageuze kiwiko kidogo kuelekea nje huku taa ikiwa ubavuni, na kijifereji kinajichora mbele ya macho yako. Mpe taulo avute ncha zote mbili kwa nguvu, na mgongo mzima unaamka. Kuvuta kweli kunashinda kuigiza, maana anayeigiza hukaza uso pia.

Ngozi nyeusi nayo ina kanuni yake, na hapa vitabu vingi vya ughaibuni havitusaidii sana. Kivuli juu ya ngozi nyeusi huweza kumezwa kabisa, kwa hiyo umbo hubebwa zaidi na mng'ao. Taa kubwa, yenye softiboksi pana (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga), inawekwa nyuma kidogo ya mtu ili mwanga uteleze juu ya msuli na kuacha mstari mrefu unaong'aa. Mafuta ya nazi kidogo, yakasuguliwa hadi yaingie, yanatosha. Ukimpaka kama samaki wa kukaanga utapata vidoti vyeupe mwili mzima. Na kama chumba ni kidogo chenye kuta nyeupe, tundika kitambaa cheusi upande wa pili wa taa, la sivyo ukuta utaurudisha mwanga na kuua vivuli vyote.

Mtu mwenye wasiwasi hupandisha mabega kuelekea masikioni, shingo ikapotea. Ndiyo maana picha za namna hii, mtu akiwa na nguo chache za mazoezi, hupigwa mlango umefungwa na watu wachache chumbani, tena wale aliowakubali mwenyewe. Mahali picha zitakapotumika huandikwa kabla taa haijawashwa. Fundi mzuri huonyesha mkao kwa mwili wake mwenyewe badala ya kumshika mteja, na kila baada ya picha chache humgeuzia kioo cha kamera ajione.

Simu? Inawezekana, ila simu nyingi za kisasa huinua vivuli zenyewe, na zile zenye mpangilio wa urembo (beauty mode) hulainisha ngozi bila kukuuliza. Uzime huo kwanza. Msimamishe ubavu kwa dirisha, zima taa ya dari, gusa bega lake kwenye kioo cha simu kisha buruta kidole chini mpaka picha iingie giza kidogo.