Mstari mfupi wa maisha hauna maana ya umri mfupi

Anayeanza kujifunza kusoma viganja huambiwa mapema kwamba mstari wa maisha, ule unaozunguka shina la kidole gumba, ukiwa mfupi basi umri nao ni mfupi. Si kweli, na inasikitisha kuona mtu anakosa usingizi kwa sababu hiyo. Kunja gumba lako taratibu kuelekea kidole cha mwisho: ngozi inajikunja papo hapo, kwenye mstari huohuo. Ni mkunjo tu, kama ile ya kwenye vifundo vya vidole. Ulijichora tumboni mwa mama, kabla mimba haijafika miezi 4. Hata wasomaji wengi wa viganja husema unaonyesha nguvu za mwili, si siku ya kufa; nalo hilo halijathibitishwa.