Shinikizo la uwindaji ni nini? Kulungu wa Pennsylvania mwisho wa msimu

Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba, kabla hakujapambazuka, njia za changarawe katika milima ya kaskazini ya Pennsylvania, jimbo la mashariki mwa Marekani, hujaa pikapu. Huo ndio ufunguzi wa msimu wa bunduki. Tangu 2019 unaanza Jumamosi. Zamani ulianza Jumatatu, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo kwa sababu wanafunzi na walimu wote walikuwa msituni. Watu wamevaa fulana za rangi ya chungwa inayong'aa ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Ikifika saa nne asubuhi kila bonde limeshatoa mlio wa risasi.

Wiki nne baadaye, Desemba ikiwa ukingoni, mtu anarudi katika msitu uleule, anakaa kutwa nzima, haoni hata mkia. Anajiambia kulungu wameisha. Mara nyingi hawajaisha. Wapo, tena wengine wako karibu naye kuliko anavyodhani. Kilichobadilika ni saa zao na mahali pao, na kilichowabadilisha ndicho wawindaji wa huko wanachokiita shinikizo la uwindaji.

Shinikizo hili halipimwi kwa idadi ya wanyama waliouawa. Ni kiasi cha usumbufu ambao mnyama mwenyewe anauhisi kutoka kwa watu wanaomtafuta. Mtu aliyeua kulungu mmoja karibu na barabara asubuhi ya kwanza, akampakia garini na kwenda zake, huenda ameusumbua msitu kidogo tu. Aliyeingia mara tatu katika kichaka wanamolala, akaacha harufu ya viatu vyake kila mahali na asifyatue hata risasi moja, ameusumbua zaidi. Kwa kulungu, mlango wa gari unaobamizwa alfajiri, mwanga wa tochi, jasho lililobaki kwenye jani, vyote ni habari, na huzikusanya wiki baada ya wiki.

Hapa jina linataka ufafanuzi. Kulungu wa vichaka vya kwetu ni wa ukoo wa tandala, na pembe zake hazing'oki maisha yake yote. Huyu wa Marekani, kulungu mkia-mweupe, ni wa ukoo mwingine, ule ambao Biblia ya Kiswahili humwita ayala: dume huota pembe za mfupa zenye matawi kila mwaka, kisha huziangusha msimu wa baridi. Nitamwita kulungu kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyomwita sasa.

Kwa nini ardhi nyingine hushinikizwa sana na nyingine sivyo? Kwa sheria za Marekani mnyama wa porini ni mali ya umma, lakini shamba analosimama linaweza kuwa la mtu binafsi. Mwenye shamba anaamua nani aingie, siku gani, mara ngapi. Asiye na shamba wala rafiki mwenye shamba huenda kwenye ardhi ya umma, ambako leseni ndiyo ufunguo wa wote. Pennsylvania peke yake ina takriban ekari milioni 1.5 zilizonunuliwa na jimbo kwa ajili ya uwindaji, mbali na misitu ya serikali. Ni eneo kubwa, ila wawindaji wa jimbo hilo ni laki kadhaa, na wengi hutoka katika wiki mbili zilezile.

Kulungu hujibu shinikizo hilo kwa njia ambayo wageni wengi hawaitarajii: hahami. Kulungu mzima ana eneo lake analolijua kwa kila mwinuko na kila mtaro, na kwa kawaida hulishikilia hata risasi zinapolia. Anachofanya ni kulipunguza. Mchana hujibanza katika sehemu chache ambazo hajawahi kukutana na mtu, usiku huzunguka kwingine kote kama kawaida. Watafiti huko South Carolina waliwavisha madume kola zenye GPS, wakaona kwamba mahali palipokaliwa na mwindaji kulungu walipakwepa mchana kwa takriban siku tatu. Kwa hiyo anayerudi kwenye mti wake mzuri wa kuvizia kila Jumamosi na kila Jumapili anajifungia mlango mwenyewe.

Jambo hili si la kulungu tu. Tembo wa Laikipia na Samburu nchini Kenya waliofuatiliwa kwa kola walionekana kutembea zaidi usiku, ikilinganishwa na mchana, mahali na nyakati ambapo ujangili ulikuwa mkali. Mnyama mwenye tani kadhaa na mnyama wa kilo 70 wamefikia uamuzi mmoja.

Ila mwisho wa msimu una jambo la pili linalovutana na woga, nalo ni tumbo. Kwenye majimbo ya kaskazini kulungu hupandana zaidi katikati ya Novemba. Dume hukimbiza majike kwa wiki kadhaa akiwa halali vizuri wala hali vizuri, na anaweza kupoteza robo ya uzito wake. Anaingia Desemba amekonda, theluji inaanguka, majani mabichi hakuna. Ni lazima ale, na kwa kuwa ni mnyama anayecheua, anahitaji kula, kulala acheue, kisha ainuke ale tena. Baridi ikikaza sana, hasa siku moja kabla ya dhoruba, njaa humtoa mafichoni mapema, pengine dakika ishirini kabla ya giza. Sheria ya Pennsylvania inaruhusu kufyatua hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Uwindaji wote wa mwisho wa msimu, ukiuchambua, unaishi ndani ya dakika hizo chache.

Basi mtafutaji anaanzaje? Kwa maoni yangu asianze kutafuta kulungu, aanze kutafuta watu. Achukue ramani, atie alama kila sehemu ya kuegesha magari, kila njia, kila kilima ambacho mtu mvivu angekipanda na kila ambacho asingekipanda. Watafiti waliochunguza wawindaji katika msitu wa serikali wa Sproul, huko huko Pennsylvania, walikuta kwamba wengi hawakwenda hata kilomita moja kutoka barabarani, na mteremko mkali uliwazuia kama ukuta. Nafasi inayobaki tupu kwenye ramani hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Lakini tupu haina maana ya mbali, na hapa ndipo wengi hukosea. Husikia kwamba watu hukaa karibu na barabara, basi hutembea kilomita tano, wakamkuta mwenzao aliyesikia shauri hilohilo. Wakati huohuo kulungu amelala kwenye kichaka cha miiba mita mia mbili nyuma ya maegesho, mahali ambapo kila mtu amepapita akiharakisha kwenda mbali. Visiwa vidogo vya nchi kavu ndani ya kinamasi, ukingo wa shimo la mawe lililoachwa, ukanda mwembamba kati ya barabara kuu na uzio: kulungu hajali kama mahali ni pazuri kwa macho, anajali kama mtu huingia.

Kisha chakula. Matunda ya mwaloni mweupe huliwa mapema na kuisha. Ya mwaloni mwekundu ni machungu zaidi na hudumu ardhini hadi baridi, ndiyo maana theluji iliyofukuliwa chini ya miti hiyo mwezi Januari ni dalili nzuri. Mahali palipokatwa miti miaka michache iliyopita huwa na machipukizi yanayofikiwa na mdomo. Shamba la jirani la mahindi au soya lisilovunwa, hata kama huruhusiwi kuingia, huvuta kulungu kupitia ardhi ya umma kila jioni. Kwa malalo ya mchana, miteremko inayotazama kusini hupata jua zaidi, na misonobari iliyosongamana huzuia upepo na theluji.

Theluji yenyewe ni daftari. Nyayo kwenye ukingo wa shamba hazisemi kama mnyama alipita usiku au mchana, kwa hiyo zisikufurahishe haraka. Zifuate kinyumenyume, taratibu, hadi zinakoingia kichakani. Ukikuta duara la theluji iliyoyeyuka ukubwa wa mwili, hapo ndipo alipolala. Usisogee zaidi. Rudi nyuma, utafute mahali kati ya malalo na chakula, penye upepo unaokujia usoni. Milimani kumbuka kwamba jioni hewa ikipoa huteremka bondeni. Aliyekaa upande wa juu wa malalo anamwaga harufu yake moja kwa moja kwenye pua ya anayemtafuta.

Baada ya Krismasi Pennsylvania ina msimu wa pekee wa gobori za gumegume, bunduki za kujaza baruti kwa mdomoni, zenye risasi moja na moshi mwingi. Wanaotoka ni wachache, na misitu hutulia. Tatizo la wakati huo ni kwamba baadhi ya madume wameshaangusha pembe, na anayedhani amepiga jike anaweza kumfikia akakuta vidonda viwili vya mviringo kichwani, pale pembe za dume zilipong'oka.

Na kuna kuondoka. Giza likiingia na kulungu wamefika kwenye chakula mbele yako, kushuka mtini na kutembea katikati yao ni sawa na kuwaonyesha unapokaa. Baadhi ya wawindaji hubaki juu, wakitetemeka kwa baridi, saa nzima au zaidi, hadi wa mwisho asogee.