"Kwangu Iko Sawa" na Dhana Nyingine Potofu za Madirisha ya Programu

"Kwangu iko sawa." Ndivyo alivyonijibu kijana aliyetengeneza programu ya mauzo ya duka moja la vipuri, Kirinyaga Road, Nairobi. Dukani haikuwa sawa hata kidogo. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kimezama chini ya ukingo wa skrini, na karani alikuwa amezoea kubonyeza Tab mara kumi na moja kisha Enter, akiomba Mungu awe amefika penyewe.

Dhana yenyewe ni hii: ukishakipa kitufe nafasi yake kwa pikseli, zile nukta za skrini, kitakaa hapo kwenye kila mashine. Hakikai! Wewe umechora kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Dukani kuna laptopu ya mtumba ya 1366 kwa 768. Windows ikikuza vitu hadi asilimia 125, nafasi inayobaki ni kama 1093 kwa 614. Toa na ule mstari wa chini wenye saa. Fomu yako yenye kimo cha 900 itaingia wapi?

Usikipe kitufe namba, kipe ukingo wa kushikilia. Kwenye Windows Forms, zana ya Microsoft ya kuunda madirisha, Anchor (nanga) ya Bottom na Right, yaani chini na kulia, hukibakiza konani, dirisha linyooshwe au libanwe. Tkinter, zana kama hiyo ya lugha ya Python, ina grid na pack zinazokupangia vitu. Achana na place, inayokurudisha kwenye namba. Kwenye Swing, zana ya lugha ya Java, nikiona setLayout(null), amri ya kuzima mpangaji ili uweke kila kitu kwa namba, naifunga kompyuta nikanywe chai kwanza. Kinachopaswa kunyooka na kubanwa ni orodha ya bidhaa, si vitufe. Na acha kitufe kijipime kwa maandishi yake: dukani hapo hapo "Print" ilikuwa imegeuzwa "Chapisha", ikaonekana "Chapi".

"Nikifunga ukubwa wa dirisha, tatizo limekwisha." La, umemnyima mteja njia yake ya mwisho ya kujiokoa.

"Dirisha lisilo na upau wa juu linapendeza." Labda. Ila hapo ndipo watu hushika wanapolisogeza, na ndipo penye vitufe vya kulipunguza na kulifunga. Yote hayo sasa uyaandike mwenyewe.

"Tab hufuata macho." Kwenye Windows Forms hufuata TabIndex, yaani ule mpangilio uliotumia kuviweka vitu kwenye fomu, usipourekebisha. Karani wetu alitoka Bei, akarukia Tarehe, akarudi Idadi.