Je, wajua kwa nini muhula ukiisha unaanza kutamani ugumu wa masomo?

Wiki ya mitihani, wanafunzi wengi huapa kwamba likizo ikifika hawatagusa daftari. Likizo inafika. Siku za mwanzo ni usingizi mtupu, na ni haki yao. Kisha hali inabadilika: muda upo tele, simu iko mkononi, lakini akili haina pa kushika. Wazazi huita uvivu. Mimi naona ni kinyume chake.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Chicago, alichunguza ni wakati gani mtu huzama katika jambo hadi akasahau saa. Alikuta kwamba ugumu wa jambo lazima ukaribiane na uwezo wa mtu. Ukizidi mno, inakuja hofu. Ukipungua mno, anaboeka. Tena inasaidia mtu ajue papo hapo kama amepatia au amekosea.

Mwaka 1989, yeye na Judith LeFevre walichapisha utafiti wenye kuchekesha kidogo. Waliwapa wafanyakazi peja, yaani vifaa vidogo vya kupokea ishara, zilizolia wakati wowote mchana kutwa, kwa wiki nzima. Kila ikilia, mtu anaandika anafanya nini na anajisikiaje. Hali ile ya kuzama ilijitokeza zaidi kazini kuliko kwenye mapumziko. Hata hivyo, wakiwa kazini ndipo walipotamani zaidi kuwa wanafanya kitu kingine! Mwanafunzi anayehesabu siku za kufunga shule hayuko mbali na watu hao.

Mtazame akiwa na swali la jiometri. Amepata urefu wa upande wa pembetatu, na jibu ni hasi tatu. Haiwezekani. Anarudi mstari kwa mstari, kalamu ikigusa kila namba, mpaka anakuta mahali alipohamisha namba kuvuka alama ya sawasawa bila kubadili ishara. Anakata, anaandika upya, jibu linakaa. Raha ile fupi ndiyo inayokosekana likizoni.

Ubongo nao una sehemu yake. Katika majaribio ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz, seli za kima zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na motisha, zilichangamka walipopata juisi wasiyoitarajia. Walipokwisha kuzoea ishara iliyotangulia juisi, seli ziliitikia ishara, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Majaribio hayo hayakuhusu likizo, lakini yanasaidia kueleza kwa nini starehe unayoijua mwanzo hadi mwisho hupoa upesi, ilhali jibu ulilolihangaikia bila uhakika linakuchangamsha.

Ndiyo maana yule aliyelalamikia hesabu muhula mzima utamkuta likizoni anakesha na mchezo wa simu uliojaa vikwazo. Mchezo huo unapandisha ugumu hatua kwa hatua, kama shule.

Kwa hiyo sioni faida ya kumrundikia mtoto mazoezi ya likizo. Anachokosa si mazoezi, ni ngazi. Shuleni ngazi hiyo hupangwa na mwalimu. Nyumbani hakuna wa kuipanga, na kuijenga mwenyewe ndiyo kazi. Anayetaka kujifunza sataranji, kwa mfano, asianze na bingwa wa mtaa wala na mdogo wake asiyejua kusogeza kete. Atafute mtu anayemfunga mara nyingi, lakini si kila mara.