Kimondo cha Mbozi hakikutoka mwezini

Jumamosi mzee mmoja wa Tukuyu amenifuata hapa Mbeya na jiwe jeusi kwenye mfuko, lina matundu kama dodoki. "Mwanangu, hili limemeguka mwezini, kama lile la Mbozi. Hata sumaku linashika."

Ni mtu wa nne kuniletea jiwe la namna hii mwezi huu. Kwa hiyo naandika.

Jiwe la mzee ni la volkano. Matundu ni ya gesi iliyotoka lava ikipoa, na milima yetu ya Rungwe imeyatapika ya kutosha. Sumaku inashika kwa sababu basalti, yaani lava iliyoganda, ina magnetaiti, madini ya chuma. Jiwe la mwezi lenyewe, sumaku hulivuta kidogo mno au hailivuti kabisa.

Lile la Mbozi, la tani 16 hivi, ni chuma chenye nikeli. Chuma cha namna hiyo kilikuwa moyo wa asteroidi, yaani mwamba mkubwa unaozunguka jua, iliyoyeyuka ndani, kisha ikavunjwavunjwa na migongano. Moyo wa mwezi haujavunjwa, umefunikwa hadi leo.

Ila neno linalonikera zaidi ni hilo "limemeguka". Mwezi una mvutano wake! Jiwe likilegea kule, linaanguka kulekule. Ili litoke lazima lipate mwendo wa kilomita 2.4 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya risasi ya bunduki ya kivita. Volkano za mwezi haziwezi kazi hiyo. Inayoweza ni asteroidi ikiupiga mwezi. Watu huniuliza: kwa kipigo hicho, jiwe halisagiki likawa unga? Lililo chini ya kipigo husagika, hata kuyeyuka. Lakini mawe ya juujuu, pembeni kidogo, hayana mzigo juu yake. Wimbi la mshtuko likiyafikia kutoka chini, huyarusha kabla halijayaponda. Nilimwagia mzee punje za mahindi mezani, nikagonga kwa ngumi upande wa chini. Punje ziliruka, meza ikabaki.

Baada ya hapo jiwe haliji moja kwa moja. Huzunguka dunia au jua, mengine miaka elfu kadhaa, mengi chini ya milioni moja. Miale ya anga huacha alama ndani yake, ndizo tunazohesabu kujua limesafiri muda gani. Hewa yetu huyeyusha sehemu yake ya nje, na kipande kinachofika chini huwa na ganda jembamba tu lililoungua.

Jiwe la mwezi la kwanza kutambuliwa hapa duniani liliokotwa Antaktika mwaka 1982: liliitwa ALHA 81005, gramu 31. Lilitambulika kwa sababu kilo 382 za mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo zilikuwa tayari maabara za kulinganishia. Kupima oksijeni ya jiwe peke yake kusingetosha, aisotopu zake (atomi zake za uzito tofauti) zinafanana na za dunia. Uwiano wa chuma na metali ya manganizi ndio huwatenganisha ndugu hawa, dunia na mwezi.

Na niseme kweli: tunathibitisha "mwezini", lakini tukiulizwa limetoka kasoko ipi, yaani shimo gani la kipigo, mara nyingi tunakisia. Tena kipande chake kikilala kwenye shamba la viazi Uyole, kwa macho tu ningekipita. Ndiyo maana huokotwa jangwani na kwenye barafu, si kwenye mvua zetu.

Mzee aligonga meza mwenyewe, mara tatu. Akaangalia punje zilizoangukia tena mezani.

"Na hizi?"

Hizo ndizo nyingi, baba. Zimerudi mwezini.